Bohari ya Kumbukumbu Chini ya Nyiragongo

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, lava ikateketeza kitovu cha biashara cha Goma, na maelfu ya watu wakakimbilia Gisenyi. Duka lililoungua halikupoteza bidhaa tu, bali na daftari la wadaiwa wake.

Wakati huo makampuni makubwa ya ng'ambo yalikwisha kuanza kukusanya diski zao mahali pamoja na kuziunganisha na kompyuta nyingi kwa nyaya zipitishazo mwanga, mfano wa bohari moja ihudumiayo vikosi vyote. Ieleweke wazi kwamba bohari hiyo ikiungua, vikosi vyote huishiwa kwa pamoja. Ndiyo maana nakala ya pili huwekwa mji mwingine, tena wa mbali. Gisenyi ni karibu mno na Goma: Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka tena, matetemeko yalipasua majengo ya miji yote miwili.