Miezi ya Vuli katika Mbweni: Mambo ya Kale na Mafunzo Yake kwa Ushirika

Katika kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, imeonekana si vema kitabu hiki cha ukumbusho kijae hesabu za mauzo na picha za viongozi peke yake. Hapana budi tukumbuke pia nchi tuliyomo na watu walioilima kabla yetu. Kwa hiyo tumechagua kueleza habari za miezi ya vuli katika Mbweni na pwani iliyo jirani yake, maana katika miezi hiyo mengi yametendeka, ya furaha na ya majonzi.

Kwanza tuondoe shaka ya jina. Mbweni tunayoitaja si ile ya Unguja, walikokaa watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1870. Yetu ni Mbweni ya Mrima, kaskazini ya Dar es Salaam, baina ya Kunduchi na mto Mpiji, ambayo leo ni kata katika Manispaa ya Kinondoni. Wenyeji wake wa asili ni Wazaramo na Washomvi: hao wa kwanza wakulima, na hao wa pili watu wa bahari na biashara. Kwamba pwani hii ni ya kale, ushahidi upo Kunduchi, penye gofu la msikiti na makaburi ya nguzo, mengine yamepachikwa sahani za kauri zilizotoka Uchina. Watu waliozika wafu wao hivyo hawakuwa wageni wa dunia.

Wazee wetu hawakuhitaji kalenda ya karatasi kujua vuli imefika. Walihesabu mwaka wao wa siku 365 tangu Siku ya Mwaka, wakaugawa kwa makumi. Kila siku kumi wakaziita mwongo, na miongo ilipotimia 36 zikabaki siku tano. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua mwongo wa kufyeka, mwongo wa kuchoma, na mwongo wa kutia mbegu. Na baharia naye alijua lini kusi itakoma, bahari itulie wakati wa demani, hata kaskazi ianze kuvuma mwezi wa Desemba na kuleta majahazi ya Arabuni. Mvua za vuli zilianguka katikati ya hayo, Oktoba hata Desemba. Ni mvua haba kuliko masika, nazo zina ukaidi: mwaka huu huja, mwaka ujao huadimika.

Kabla ya mvua hizo, mavuno ya masika yakiwa ghalani, ndipo ulipokuwa wakati wa shangwe. Vijana walitoka jandoni, na mwali aliyefichwa ndani akachezwa mkole na kutolewa nje, ndugu wakakusanyika kutoka mbali, ngoma zikalia hata alfajiri. Wageni waliozitazama ngoma hizo walidhani ni mchezo tu. Lakini humo ndimo madeni ya udugu yalimolipwa: aliyekula kwa mwenziwe mwaka jana, mwaka huu alileta mchele. Na mawingu yalipotanda, watu walialikana kulima. Leo shamba la huyu, kesho la yule; mwenye shamba akapika, wageni wake wakashika majembe. Hakuna aliyeandika daftari, walakini hapana aliyesahau zamu ya nani imefika. Huo ndio ujima, nasi twaweza kusema kwamba ndio mama wa ushirika.

Lakini si kila kazi ya pamoja ni ushirika. Jambo hili pwani yetu ililijifunza kwa uchungu. Mwaka 1902 serikali ya Wadachi iliamuru majumbe wa pwani ya Dar es Salaam na kusini yake wafungue mashamba ya pamba, na watu wao wayalime kwa pamoja. Kila mtu alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka. Siku hizo hazikuchaguliwa na mkulima, bali ziliangukia palepale alipohitajiwa shambani mwake mwenyewe. Pamba ilipouzwa, mapato yakagawanywa na wakubwa. Na malipo ya mtu mmoja yakatoka senti 35. Wengi walikataa kuzipokea. Tafakari, ndugu mwanachama: maskini anakataa fedha aliyoitolea jasho! Hakuikataa kwa sababu haitaki, bali kwa sababu kuipokea ingekuwa kukubali kwamba hesabu ile ni ya haki.

Yaliyofuata yajulikana. Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaenea upesi, vikafika hata Uzaramo. Vuli ya mwaka ule ilikuta vijiji vingi vimeteketezwa na ghala zimetiwa moto. Mvua ilinyesha juu ya mashamba yasiyo na mtu. Kwa makisio ya Wadachi wenyewe walikufa watu 75,000, na wataalamu wa baadaye wametaja hesabu kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na njaa.

Miezi hiyo hiyo ya vuli imebeba habari nyingine. Tarehe 28 Novemba 1914 manowari za Waingereza zilipiga mizinga mji wa Dar es Salaam, katika vita ambavyo mkulima wa hapa hakuvianzisha. Na tarehe 9 Desemba 1961, mvua za vuli zikiwa hazijakoma, bendera ya Uingereza ilishushwa usiku na ya Tanganyika ikapandishwa. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, nchi ikawa Jamhuri. Ni haki kukumbuka kwamba vyama vya ushirika, ambavyo sheria yake ya kwanza ilitungwa mwaka 1932, vilikuwa miongoni mwa shule ambamo watu wetu walijifunza kupiga kura, kuendesha mikutano na kumwuliza kiongozi maswali.

Baada ya hapo hatukukosa misukosuko. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali, kazi yao ikapewa mashirika ya umma na vijiji. Na sheria ya 1982 ikavirudisha. Wengine walisema vilivunjwa kwa sababu ya siasa, wengine kwa sababu ya wizi na uzembe uliokuwamo. Pande zote mbili zina la kujibu. Ila yakini ni hii: chama ambacho wanachama wake hawajui hesabu zake, siku ya kuvunjwa kwake hakina wa kukililia.

Na Mbweni yenyewe imegeuka. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza kazi mwaka 1966, jiji likajengwa kwa mawe ya vilima vyetu. Kuanzia mwaka 2002, katika mradi wa serikali wa viwanja 20,000, mashamba ya Mbweni yalipimwa pamoja na ya sehemu nyingine za pembezoni mwa jiji. Penye minazi, miembe na mikorosho pakasimama nyumba na kuta. Desemba 2011 mvua kubwa zikafurika bonde la Msimbazi, watu wapatao 40 wakafa, na wengi waliopoteza makao wakahamishiwa Mabwepande, majirani zetu wa bara. Hivyo vuli iliyokuwa habari ya jembe imekuwa pia habari ya mitaro na paa.

Je, ushirika una kazi gani mahali ambapo shamba limekuwa kiwanja? Twajibu kwamba kazi ipo, na pengine ni kubwa kuliko ya kale. Fidia huliwa mara moja, ila shamba lilizaa kila mwaka. Aliyeuza peke yake na kutumia peke yake leo hana shamba wala fedha. Wavuvi bado wahitaji barafu na bei ya haki, mama wauzao samaki wahitaji mkopo usio na riba ya kunyonga, na vijana wahitaji mahali pa kuweka akiba yao. Mtaji umebadilika sura. Ulinzi wake haujabadilika.

Mwongo wa wazee ulikuwa siku kumi. Mwongo wetu huu ni miaka kumi. Wao mwongo ulipokwisha hawakupumzika, bali waliuliza: je, tumefyeka kiasi gani, na zamu ya nani imefika? Nasi tuulize vivyo hivyo katika mkutano mkuu, daftari likiwa wazi mezani na kila mwanachama akiwa na haki ya kulisoma. Senti 35 za mwaka ule zikumbukwe kila mara tunapogawana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vitano navyo havifai kitu, kama kimoja chaficha kilichoshikwa.