Usalama wa nyuzi katika viendelezi vya Python

Usalama wa nyuzi katika viendelezi vya Python ni hali ya moduli iliyoandikwa kwa C, C++ au Rust kuweza kuitwa na nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja bila kuharibu kumbukumbu. Suala hili limefungamana na kufuli kuu la intapreta, maarufu kwa kifupi GIL.

Asili

Python ilibuniwa na Guido van Rossum mjini Amsterdam na kutolewa mwaka 1991. Nyuzi zilipoongezwa mwaka 1992, liliwekwa kufuli moja: uzi unaolishika ndio pekee unaotekeleza msimbo wa Python. Kwa kompyuta za zama zile, zenye kichakataji kimoja, ulikuwa uamuzi wa busara.

Hesabu ya marejeo

Kila kitu cha Python hubeba hesabu ya wanaokirejelea. Ikifika sifuri, kitu hufutwa. Kuongeza moja huonekana jambo dogo, ila kichakataji husoma, hujumlisha, kisha huandika. Nyuzi 2 zikisoma 5 kwa pamoja, kila mmoja utaandika 6, ilhali jibu sahihi ni 7. Rejeo moja limepotea, na baadaye kitu kitafutwa kikiwa bado kinatumika. Hitilafu hii ni sumu: hupita majaribio yote salama, kisha huiangusha seva iliyoelemewa na kazi, tena mbali kabisa na mstari wenye kosa. Kufuli liliizuia kwa miongo 3 bila mwandishi wa C kuandika hata mstari mmoja wa kujikinga.

Marejeo ya kuazima nayo ni hatari. PyList_GetItem hutoa kitu bila kukiongezea hesabu. Uzi mwingine ukikiondoa kwenye orodha, mwazimaji hubaki ameshika anwani ya kitu kilichokwisha futwa. PyList_GetItemRef, iliyoingia toleo la 3.13, hutoa rejeo linalomilikiwa na mwitaji.

Kuachia kufuli

Kiendelezi kinachosubiri diski au mtandao huachia kufuli kwa Py_BEGIN_ALLOW_THREADS na kulichukua tena kwa Py_END_ALLOW_THREADS. Katikati hapo ni mwiko kugusa kitu cha Python.

Kuondolewa kwa kufuli

Greg Stein alijaribu miaka ya 1990, lakini programu za uzi mmoja zikazorota mno. Larry Hastings alirudia mwaka 2016. Aliyefaulu ni Sam Gross, aliyeigawa hesabu ya marejeo: sehemu ya uzi unaomiliki kitu, na sehemu ya nyuzi nyingine zote. Pendekezo lake, PEP 703, lilikubaliwa mwaka 2023, na toleo la 3.13 la Oktoba 2024 likaja na muundo wa majaribio usio na kufuli.

Katika muundo huo, kiendelezi kisichotangaza kupitia Py_mod_gil kwamba hakihitaji kufuli hulirejesha kwa programu nzima, pamoja na onyo. Tangazo pekee halimlindi mtu: vigezo vya jumla vya C vinavyobadilika huhitaji kufuli lake, kwa mfano PyMutex.

Matumizi

NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ilianza kuunga mkono muundo usio na kufuli katika toleo la 2.1.