Leso ya Kushona na Shuka la Tafuta

Wageni wa mashirika wakifika kibarazani kwetu tunaposhona huuliza swali moja: nani kawafundisha? Wanaliona shuka la viraka, kila kiraka na picha yake, jogoo hapa, saa pale, taa, korosho, gari, na watoto wamelala kifudifudi juu yake wakishindana nani ataona kwanza kitu kilichotajwa. Sisi twaliita shuka la tafuta. Wengine huniambia kwao Marekani na Uingereza zipo shuka kama hizi, wanawake hukusanya vitambaa vya picha na kuwashonea wajukuu. Sawa, zipo. Lakini mimi huwajibu kwamba kwetu kushona vipande vya picha ndiko kulikozaa leso yenyewe.

Neno leso limetoka Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vitambaa hivyo vyenye nakshi vilifika Unguja na Mombasa vikiwa jora zima, kimoja kimeshikana na kingine. Wanawake wa huko wakawa na akili yao. Walinunua sita kwa pamoja, wakakata katikati, vitatu huku na vitatu huku, wakaviunganisha kwa sindano, ikapatikana nguo ya kujifunga. Hiyo ndiyo leso ya kushona. Itazame vizuri: viraka sita na mshono katikati. Wenye maduka walipoona biashara hiyo wakaagiza nguo ya upana kamili, yenye pindo na mji wake, isiyohitaji sindano. Ikachapwa Uholanzi na Uingereza, baadaye India na Japani, na tangu 1968 kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam. Maneno ya Kiswahili yalikuja nyuma ya picha. Anayetajwa zaidi kwa kuyatia ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla, mwanzoni mwa karne ya 20. Maana yake picha ilitangulia, na asiyejua kusoma hakukosa kitu.

Sisi watu wa Tungi, ambako kwenye ramani kumeandikwa Palma, hatukuwa mbali na mambo hayo. Ghuba ya Tungi ilihesabiwa kuwa ya sultani wa Unguja mpaka 1887, Wareno walipoitwaa kwa nguvu. Mpaka ukahama, mitindo haikuhama. Kanga ziliendelea kushuka kwa majahazi kutoka upande wa Mtwara, na kapulana zikapanda kutoka kusini kwa wauzaji Wahindi, na sanduku la mama likabeba zote mbili.

Bibi yangu alikuwa akimfuata babu dago kwenye kisiwa cha Rongui. Kwa asiyekujua: ni mchanga, vichaka, na ufuko ambao kasa hupanda usiku kutaga. Wanaume huvua, wanawake hukausha samaki. Siku ya kufua, bibi alitandaza kanga na kapulana juu ya vichaka, na sisi watoto tukitumwa kuwafukuza ndege kwenye samaki, tulichoka upesi tukaanza kuzichezea zile nguo kwa macho. Iko wapi saa? Nani kaona mwavuli? Aliyeona kwanza alipewa nafasi ya kuuliza. Hakuna aliyetuanzishia, na hakuna aliyeuita mchezo huo elimu.

Sasa hizo picha zenyewe. Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Chukua korosho. Kila mtoto huku anaitambua, na kila mmoja ataapa ni korosho ya shambani kwao. Kumbe nakshi ile asili yake ni Uajemi na Kashmir, na Waingereza huiita Paisley kwa sababu mji huo wa Uskoti ulifuma shali zenye nakshi hiyo. Mkorosho nao si wa huku, Wareno waliuleta kutoka Brazili. Mti mgeni na nakshi ngeni vimekutana kwenye nguo, na mtu wa Mtwara au Cabo Delgado akasema: hii yetu. Hata jina kanga ni ndege, kwa sababu ya madoadoa ya nguo za mwanzo.

Ndege ndio waliotuletea shida. Msumbiji, kura ikikaribia, vyama hugawa kapulana. Frelimo ina ngoma na gunzi la mahindi, Renamo ina kwale, MDM ina jogoo. Mtoto hajui. Kwake ni ngoma, ni hindi, ni ndege wawili. Lakini mzee mmoja aliona kwale ameshonwa karibu na ngoma akauliza, hivi nyinyi mnataka kutugombanisha? Tulijadili siku nzima. Wengine walitaka viraka hivyo vifumuliwe. Mimi nilisema vibaki, ila visipakane. Kwale sasa yuko pembeni, baina ya kikombe na baiskeli, na watoto humtafuta sana maana ni mgumu kuonekana.

Wageni wametuletea vitambaa vipya pia, ahsanteni. Kimoja kina mtu wa theluji. Watoto walikitazama, wakakubaliana kwamba ni mitungi miwili imevalishwa kofia. Tumekishona hivyohivyo.

Ugumu wenyewe ni mkasi. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu walikimbia na walichovaa. Mwanamke aliyewahi kujifunga kapulana tatu alitoka na tatu. Nguo moja ilikuwa kanga ya kubebea mtoto, kivuli juu ya mashua, pazia na mto wa kulalia. Nguo kama hiyo unaikataje uwape watoto wacheze? Jirani yangu, mama mtu mzima, aliniambia: "Mwanangu, hii nilipewa nilipojifungua wa kwanza. Wewe waona ua, mimi namwona mtu." Sikuwa na la kujibu. Tangu hapo tuna utaratibu: hatukati nguo nzima, twachukua pale palipokwisha kuchakaa pembeni mwa tundu, na nguo ya marehemu haiguswi mpaka wenye msiba waseme. Kiraka ni upana wa kiganja. Nyuma twatia blanketi lililochoka.

Yule mama alirudi baada ya wiki mbili na kipande kimoja. Sharti lake, mtoto akikipata asiseme "ua" tu, aambiwe ni la nani. Basi sasa kila kiraka kina jina la kitu na jina la mtu, na kina mama waulizaji hulazimika kuyajua yote mawili. Watoto wa miaka mitatu, minne, waliozaliwa humu ndani na hawajaona bahari, wanakujua kwa shangazi yao kwa mwavuli na kwa bibi yao kwa saa.

Kasa tunaye, mmoja, kutoka kanga ya mtu wa Msimbati. Pweza hatujampata. Mwenye nguo yenye pweza, hata iliyoungua, tupo kibarazani kila siku baada ya adhuhuri. Mkasi wetu ni mdogo, na tutaomba kwanza.