Bustani Iliyomwagiliwa Mwezi wa Nne: Historia ya Mlau wa Rufiji

Ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi mwezi wa nane, ukishapita Kibiti angalia vizuri dirishani. Juu huku kwenye ardhi ya kichanga nyasi zimekauka hadi zimekuwa rangi ya majivu. Kilichobaki na ukijani ni mikorosho, minazi na mihogo. Unapita Ikwiriri, barabara inaanza kushuka kuelekea Daraja la Mkapa, na kule bondeni, kama mto ulifurika vizuri mwaka huo, unakuta mahindi mabichi, maboga yaliyotambaa, kunde, bamia, nyanya. Mvua ya maana haijanyesha tangu mwezi wa tano.

Swali la kwanza la mtu yeyote aliyezoea kubeba ndoo ya kumwagilia mchicha ni hili: maji yanatoka wapi?

Jibu fupi ni kwamba bustani hiyo ilimwagiliwa mwezi wa nne, mara moja tu, na mto wenyewe. Wenyeji, Warufiji na Wandengereko, wana jina la kilimo hiki: mlau. Leo nataka tuzungumze jinsi mlau unavyofanya kazi, na kwa nini kwa zaidi ya miaka mia moja watu wenye ramani na kalamu wamekuwa wakiutazama bila kuuona.

Mvua ya watu wengine

Tuanze na mto. Bonde zima la Rufiji linakusanya maji kutoka eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Matawi makubwa ni matatu: Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote. Kwa hiyo mkulima wa Rufiji analima kwa mvua ya watu wengine, iliyonyesha mbali, kwenye milima ya Udzungwa na nyanda za juu. Kwake yeye mvua ya mwaka ni kama milimita 800 hadi 1,000, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi karibu hakuna kitu.

Mwaka wake ulikwenda hivi. Vuli ikikaribia, anasafisha shamba la bondeni. Mvua zikishika, anapanda mpunga. Hapo anacheza na muda: mpunga lazima uwe umerefuka kabla mto haujapanda, ili maji yakija uendelee kuchungulia juu yake. Mwezi wa tatu na wa nne mto unafurika, unatoka kwenye kingo na kutandaza maji pamoja na tope laini lenye rutuba. Mwezi wa tano na wa sita maji yanarudi, mpunga unavunwa, na papo hapo mlau unaanza. Sehemu zilizoinuka hukauka kwanza, basi zinapandwa kwanza. Halafu mkulima anayafuata maji yanavyoshuka, hatua kwa hatua, hadi kwenye mabonde madogo yanayochelewa kukauka. Kwa njia hiyo hata mavuno hayaji siku moja. Mboga zinapishana mezani kuanzia kiangazi kinapoanza hadi vuli nyingine inapokaribia.

Usiku mtu analala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Nguruwe pori, nyani na viboko nao wanajua kwamba kijani kimebaki bondeni tu.

Hesabu ndogo ya udongo

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Udongo mzuri wa bondeni, mchanganyiko wa mfinyanzi na tope laini, ukiwa na kina cha mita 1 unaweza kushika takribani milimita 150 hadi 200 za maji ambayo mizizi inaweza kuyafyonza. Udongo wa kichanga kama ule wa juu Kibiti unashika chini ya nusu ya hapo. Mazao wakati wa kiangazi hutumia kama milimita 5 kwa siku.

Gawanya. Juu kwenye mchanga, hata ukiulowesha udongo wote leo, akiba inaisha ndani ya wiki mbili hivi. Bondeni inafika siku 30 hadi 40. Lakini mahindi yanahitaji miezi mitatu au zaidi! Siku zilizobaki zinatoka wapi?

Zinatoka chini. Mafuriko yakipungua, maji hayaendi mbali. Yanabaki ardhini, mita chache tu kutoka juu. Unaukumbuka utambi wa kibatari? Mafuta yako chini lakini moto uko juu, na hakuna anayeyapandisha kwa mkono. Vijitundu vyembamba vya udongo laini hufanya kazi hiyohiyo: vinavuta maji kwenda juu kuelekea kwenye mizizi. Kwenye mchanga, vijitundu ni vipana mno na maji hayapandi mbali. Kwa hiyo tope linaloletwa na mto lina kazi mbili kwa mpigo, ni mbolea na ni utambi.

Kitu cha pili ni cha kihistoria zaidi. Mafuriko yakizidi, mpunga unazama, na hiyo ni hasara kubwa kweli. Ila mafuriko yaleyale yaliyoua mpunga yanalowesha eneo kubwa zaidi, na mlau wa mwaka huo unaweza kuwa mzuri sana. Mto ulichukua kwa mkono mmoja na kurudisha kwa mwingine, miezi mitatu baadaye. Mwaka mbaya hasa ni ule ambao mvua imekuwa haba na mto haukutoka kabisa: mpunga hakuna na mlau hakuna. Ndiyo maana kwa mkulima wa bondeni ukame ulikuwa wa kuogopwa kuliko mafuriko. Shika hili, tutalirudia.

Pamba na kalenda ya Wajerumani

Mwaka 1902 gavana wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, alianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja kwenye pwani ya kusini. Watu walilazimishwa kuyalima chini ya maakida na majumbe kwa malipo ambayo hayakuwa na maana. Vitabu vya shule vinatueleza kuhusu viboko na ujira mdogo, na ni kweli. Mara chache vinataja kalenda. Siku uliyopelekwa kwenye pamba ya akida ndiyo siku ambayo maji yalikuwa yanashuka na ardhi yako inasubiri mbegu, au ndege na nguruwe wako shambani kwako na dungu halina mtu. Kilimo kinachofuata mto hakina siku ya akiba. Ukichelewa wiki mbili, unyevu umeshashuka chini kuliko mzizi wa mche mchanga.

Julai 1905 wazee wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi kusini mwa Rufiji, waling'oa miche ya pamba. Ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa dawa ya maji, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, pembezoni mwa delta, mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Sisemi kwamba vita ilitokana na mboga. Nasema kwamba kumnyang'anya mkulima majira yake ni kumnyang'anya chakula, hata kama shamba umemwachia.

Mto kama tatizo la kutatuliwa

Waingereza walikuja na macho ya mhandisi. Mwaka 1929 ilitolewa ripoti ya Alexander Telford juu ya kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1961 ikatoka ripoti nyingine, ya FAO, kuhusu bonde lote la Rufiji. Ukiondoa tofauti za miaka na wahusika, wazo kuu la mipango ya namna hii lilikuwa moja: hapa kuna maji mengi na ardhi nzuri, vikipangwa vizuri vitazalisha. Mafuriko yakaandikwa upande wa hasara. Mlau, ambao tayari ulikuwa mpango, haukuwa na mhandisi wa kuutetea.

Kisha ukaja uhuru, na mwaka 1968 mafuriko makubwa. Serikali ilipeleka msaada, halafu ikaona ni bora watu wahame bondeni moja kwa moja. Operesheni Rufiji, iliyofuata mara baada ya mafuriko hayo, ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuhamishia watu vijijini wakati wa Ujamaa. Watu walipelekwa kwenye ardhi iliyoinuka, penye barabara, shule na zahanati. Nia ilikuwa njema, na huduma hizo zilihitajika. Mtoto wa bondeni naye anastahili darasa.

Lakini rudi kwenye hesabu yetu. Kule juu udongo ni wa kichanga. Unafaa korosho na mihogo, ila hauna utambi. Kwa hiyo watu walihamia juu kwa kulala na wakaendelea kushuka chini kwa kulima. Wengine walitembea masaa, wengine walihamia kwenye madungu msimu mzima na kuacha nyumba za kijijini na wazee au watoto wa shule. Zamani kaya zilikaa jirani na mashamba, na kelele za watu wenyewe ziliwafukuza wanyama. Kijiji kilipohama, nguruwe walipata nafasi. Yaani kinga dhidi ya mto ilifungua mlango kwa wanyama.

Bwawa

Huko juu ya mto kuna korongo ambalo kwa miaka mingi liliitwa Stiegler, jina la mgeni anayesimuliwa kuuawa na tembo mwaka 1907. Mipango ya kujenga bwawa pale ilichorwa na kuwekwa kabatini mara kadhaa. RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, iliundwa mwaka 1975 ndoto hiyo ikiwa hai. Safari hii haikubaki kabatini. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018, maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza kati ya tisa ukaanza kutoa umeme mapema 2024. Uwezo wake wote ni megawati 2,115. Kwa nchi iliyozoea mgao wa umeme, hilo si jambo dogo, na mimi ninayeandika haya kwa kompyuta sina haki ya kulibeza.

Bwawa la Julius Nyerere lina nafasi ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Hiyo inakaribiana na maji yote ambayo mto huu huleta kwa mwaka mzima wa kawaida. Chombo kikubwa namna hiyo kinaweza kubadilisha majira. Mitambo inapenda maji yanayotiririka sawasawa miezi 12. Mlau unataka maji mengi mwezi wa nne, kisha yaondoke. Na tope linatulia ndani ya bwawa, haliendi tena bondeni.

Aprili 2024 mvua zilikuwa kubwa mno, bwawa likalazimika kufungulia maji, na Rufiji na Kibiti zikafurika. Maelfu ya watu waliathirika, nyumba na mashamba vilizama. Kulikuwa na ubishi mkali: bwawa limeongeza mafuriko au limeyapunguza? Ni ubishi muhimu, ila angalia umeegemea wapi. Tunauliza tena swali la 1968, namna ya kuwakinga watu na maji. Swali la upande wa pili haliulizwi sana: mwaka ambao mto hautatoka kabisa kwenye kingo zake, nani atatangaza maafa? Hakutakuwa na picha ya nyumba iliyozama. Kutakuwa na shamba kavu tu, mwezi wa nane.

Je, haya mawili hayapatani? Kwenye Mto Senegal, baada ya Bwawa la Manantali kukamilika mwaka 1988, maji yalifunguliwa kwa makusudi msimu wa mafuriko ili wakulima wa bondeni, wanaolima kwa njia inayofanana sana na mlau, wapate kupanda. Haikuwa rahisi, na umeme na mashamba viligombea maji yaleyale. Lakini inatuonyesha kwamba mafuriko yanaweza kuandikwa kwenye ratiba ya bwawa kama hitaji, pamoja na megawati. Kinachotakiwa ni mtu wa kuwaambia waendeshaji wa bwawa maji yafike wapi, lini, na yakae siku ngapi.

Na hayo yanajulikana. Wanayajua watu waliolima kule: sehemu ipi hukauka kwanza, ipi inashika unyevu hadi mwezi wa tisa, mpunga uwe na urefu gani kabla maji hayajapanda. Ni vipimo vya miaka mingi, ila vingi vimebaki vichwani mwa watu, na kila msimu usio na mlau unapunguza idadi ya wanaovikumbuka.

Basi kama una bibi au babu Ikwiriri, Mohoro, Utete au visiwani delta, likizo hii kaa naye. Muulize alipanda nini kwanza maji yalipoondoka, na alijuaje kwamba ni siku yenyewe. Chukua daftari, andika pamoja na jina la shamba na mwezi. Hizo ndizo takwimu ambazo si rahisi kuzikuta kwenye ripoti.