Hadhira na Wakati: Upokezi wa Filamu ya Foreign Correspondent (1940)

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, kisha kuuliza iwapo viwili hivyo vimeoana. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani. Hausaidii sana, hata hivyo, pale ambapo hadhira mbili zinaitazama kazi moja katika mwaka mmoja na kila hadhira ikaona kitu tofauti. Foreign Correspondent, filamu ya kijasusi ya rangi nyeusi na nyeupe iliyoelekezwa na Alfred Hitchcock na kuonyeshwa Marekani kuanzia Agosti 1940, ni mfano mwafaka wa hali hiyo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Johnny Jones, mwandishi wa gazeti la New York asiyejua lolote kuhusu siasa za Ulaya, anatumwa huko vita vikikaribia mwaka 1939. Anajikuta akiwafuata majasusi waliomteka Van Meer, mwanadiplomasia mzee wa Uholanzi aliyehifadhi kichwani kifungu cha siri cha mkataba. Kiongozi wa njama hiyo ni Stephen Fisher, mkuu wa chama cha kutetea amani na baba wa msichana ambaye Jones anampenda. Mtayarishaji, Walter Wanger, alikuwa amenunua haki za kitabu cha kumbukumbu cha Vincent Sheean. Katika filamu iliyokamilika, kitabu hicho hakionekani karibu kabisa.

Palipozua mabishano ni mwisho wa filamu. Mapema Julai 1940 Hitchcock alirejea Hollywood kutoka Uingereza akiwa na habari kwamba London ilitarajia kushambuliwa kwa mabomu wakati wowote. Ben Hecht akaandika kwa haraka onyesho jipya: Jones anazungumza redioni kutoka London, mabomu yanaanguka, taa zinazimika, naye anaendelea kuwasihi Wamarekani wajiandae. Wimbo wa taifa wa Marekani unafuata. Onyesho hilo lilipigwa picha kabla mji huo haujashambuliwa. Mashambulizi makubwa ya mfululizo yalianza tarehe 7 Septemba 1940. Kwa hiyo mtazamaji wa New York mwishoni mwa Agosti alisikia onyo juu ya jambo lililokuwa mlangoni, ilhali mtazamaji wa London, aliyeiona mwezi Oktoba, aliigiziwa usiku wake mwenyewe. Maneno hayakubadilika hata silabi moja. Kilichobadilika ni kile ambacho Hans Robert Jauss alikiita upeo wa matarajio, nao katika mkasa huu ulibadilika kwa majuma, si kwa vizazi.

Hapa ndipo uchungu wa baadhi ya Waingereza unapoeleweka. Hitchcock alikuwa amehamia Marekani mwaka 1939, kabla ya vita. Agosti 1940 Michael Balcon, mtayarishaji aliyemlea katika fani hiyo, aliwashutumu gazetini Waingereza waliobaki Hollywood, na ilikuwa bayana kwamba Hitchcock alikuwa miongoni mwa waliolengwa. Aghalabu lawama hizo hutajwa leo kama wivu wa wenzi wa kazi. Tafsiri hiyo haitoshi. Kweli, balozi wa Uingereza mjini Washington aliwashauri waliopita umri wa jeshi wabaki walipo na kuendelea na kazi zao. Lakini swali la Balcon halikuwa la kisheria tu; liligusa haki ya msanii kusimulia mateso kwa mbali. Hadhira iliyotoka ukumbini na kurudi kwenye handaki ilikuwa na haki ya kuliuliza.

Kwa Wamarekani suala lilikuwa jingine. Nchi yao haikuwa vitani hadi Desemba 1941, na wengi walitaka ibaki hivyo. Filamu inayomfanya mtetezi wa amani kuwa jasusi haikuwa burudani tupu kwa hadhira ya namna hiyo. Hata hivyo Fisher hakuchorwa kama shetani. Ndege inapoanguka baharini na manusura kung'ang'ania bawa lake, yeye hujiachilia majini ili wengine wapate kuelea. Msaliti anayekufa kifo cha heshima huivuruga propaganda, na pengine ndiyo sababu filamu hii imedumu kuliko nyingi za aina yake.

Joseph Goebbels, mkuu wa propaganda wa Ujerumani, anasemekana kuisifu kuwa kazi ya hali ya juu ambayo ingewaathiri watu wa nchi adui. Sifa hiyo ni muhimu kwa mhakiki: adui aliitambua fani kwa sababu alitambua inatumikia nini. Kinyume chake, Gary Cooper, aliyetakiwa kuigiza Jones, alikataa kwa vile filamu za kusisimua zilidharauliwa Hollywood, na nafasi hiyo akapewa Joel McCrea. Hitchcock alimweleza François Truffaut kwamba baadaye Cooper alikiri alikosea.

Watazamaji wa vizazi vilivyofuata wamependelea vipande vya ustadi: muuaji anayetoroka chini ya miavuli mjini Amsterdam, kinu kinachozunguka kinyume cha upepo, na maji yanayopasua kioo cha rubani, ambayo yalimwagwa kutoka matangini kupitia skrini ya karatasi iliyoonyeshwa picha ya bahari. Hotuba ya mwisho wengi huiona kama kiraka. Hukumu hiyo ni ya watu wanaojua kwamba Marekani iliingia vitani na kwamba London haikuanguka. Julai 1940 Hecht alipokuwa akiandika, Ufaransa ilikuwa imekwisha kusalimu amri, na hakuna aliyejua kama mji huo ungekuwapo filamu itakapofika huko.