Kiasi na Asili: Tunapima Nini Tunapopima Ufanisi wa Jiko la Peleti?

Ikisiri

Makala haya yanajadili upimaji wa nguvu na ufanisi wa majiko ya peleti yanayotumika kupikia Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba asilimia ya ufanisi ni sehemu yenye kiasi na asili, na kwamba baadhi ya tofauti zinazohesabiwa kuwa za majiko ni tofauti za asili aliyoichagua mpimaji. Inapendekezwa kwamba lebo na zabuni zisipokee asilimia hiyo bila maelezo ya jinsi ilivyopatikana.

Utangulizi

Jiko la peleti lenye feni huwashwa juu, na moto wake hushuka polepole. Peleti hupata joto mpaka zitoe gesi. Gesi hiyo hukutana na hewa ya feni karibu na mdomo wa jiko na kuungua kwa mwali safi. Baada ya muda gesi huisha. Mwali wa njano hukatika, zikabaki ndimi fupi za buluu zikitambaa juu ya mkaa mwekundu. Mpimaji aliyeshika saa lazima aamue papo hapo: akomeshe jaribio na kuupima mkaa, au auache uungue? Namna atakavyouhesabu mkaa huo inaweza kupandisha ufanisi wa jiko kwa pointi tisa za asilimia, na jiko lisibadilike hata msumari mmoja.

Jambo hili linavuka mipaka ya maabara. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nchini Rwanda, kampuni ya Inyenyeri iliwahi kuzipatia kaya za Rubavu majiko ya Mimi Moto na kuziuzia peleti. Vipimo vilivyochukuliwa majumbani na kuchapishwa mwaka 2019 vilionyesha kwamba majiko hayo yalikaribia usafi wa majiko ya gesi. Teknolojia yenye uwezo wa namna hiyo inastahili kupimwa kwa uaminifu, kwa sababu fedha za umma na za kaya maskini zitafuata namba zake.

Moto mmoja, asilimia tatu

Tuchukue mfano wa hesabu. Gramu 400 za peleti zinawekwa kwenye jiko. Thamani yake ya chini ya joto ni megajuli 17.5 kwa kilo, hivyo nishati iliyoingia ni kilojuli 7,000. Juu yake kuna sufuria isiyofunikwa yenye lita 5 za maji ya nyuzi 22. Tuko Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Baada ya dakika 45 mwali unakatika. Mizani inaonyesha kwamba gramu 600 za maji zimekwenda na mvuke, na kwamba gramu 45 za mkaa zimebaki.

Kuyapandisha maji nyuzi 72 kumechukua kilojuli 1,507, na mvuke umechukua 1,356. Jumla iliyoingia kwenye sufuria ni kilojuli 2,863. Hicho ndicho kiasi, na hakina mgogoro. Mgogoro uko kwenye asili. Tukigawanya kwa 7,000, ufanisi ni asilimia 40.9. Tukisema kwamba mkaa, wenye megajuli 29 kwa kilo, ni nishati ambayo haijatumika na hivyo itolewe, asili inashuka hadi 5,695 na ufanisi unakuwa asilimia 50.3. Tukitumia thamani ya juu ya joto, inayojumuisha joto linalopotea na mvuke wa unyevu na wa hidrojeni iliyomo katika mbao, kila kilo inabeba megajuli 18.9, na ufanisi unashuka hadi asilimia 37.9.

Malengo ya hiari ya ISO ya mwaka 2018 yanaweka ngazi ya 3 ya ufanisi kuanzia asilimia 30, ya 4 kuanzia 40 na ya 5 kuanzia 50. Moto wetu mmoja, peleti zilezile na sufuria ileile, umegusa ngazi zote tatu.

Hesabu hizo zote ni halali, ila kila moja inajibu swali lake. Anayetaka kujua jinsi joto la kilichoungua linavyoingia kwenye sufuria ana haki ya kuutoa mkaa. Anayenunua peleti kwa kilo ana swali jingine: shilingi yangu imepika kiasi gani? Kwake, mkaa unaomwagwa jalalani ni peleti alizolipia. Lakini mama anayeuhamishia mkaa huo kwenye jiko la pili ili maharage yaendelee kutokota amefaidi nishati hiyo kweli, na kwake hesabu ya pili ni ya haki. Kiwango cha ISO 19867-1 kimelitambua hilo, kikatoa nafasi ya kuripoti ufanisi kwa kuhesabu mkaa na bila kuuhesabu. Kasoro huingia pale tangazo linapochukua namba kubwa na kuiacha ndogo.

Kuhusu thamani ya joto, mfano mzuri uko kwenye majiko ya peleti ya kupashia nyumba joto. Ulaya huhesabu kwa thamani ya chini. Marekani huhesabu kwa thamani ya juu. Kwa peleti za mfano wetu, jiko lenye asilimia 85 kwa hesabu ya Ulaya litasomeka karibu 79 kwa hesabu ya Marekani. Asiyelijua hilo atadhani jiko limeharibika njiani.

Nguvu inayofika kwenye sufuria

Katika mfano wetu, wastani wa nguvu ya moto ni kilowati 2.6 tukihesabu peleti zote, au 2.1 tukiutoa mkaa. Lakini nguvu iliyoingia kwenye sufuria ni kilowati 1.06, hata mpimaji achague asili ipi. Namba hii haitikisiki, nayo ndiyo mpishi anayoihisi: ndiyo inayoamua ugali utasongwa saa ngapi. Inashangaza kwamba lebo nyingi huitanguliza asilimia na kuisahau kilowati.

Hata hivyo, kiasi nacho kina udhaifu wake. Karibu nusu ya joto tulilolisifu limetoka na mvuke. Jaribio la kuchemsha maji huuhesabu mvuke kuwa kazi iliyofanyika, ilhali mpishi wa maharage hufunika sufuria na kupunguza moto ili mvuke usitoke. Jiko lisiloweza kushusha moto litapata alama nzuri maabara na kuunguza chakula nyumbani. Kwa hiyo moto upimwe ukiwa mkubwa, wa kati na mdogo, na kila matokeo yatajwe peke yake.

Hitimisho

Huenda mtengenezaji mdogo akalalamika kwamba masharti mengi yatamfungia mlango wa soko. Hofu hiyo ina msingi ikiwa tutadai vifaa vya gharama. Ninachodai mimi ni mizani, kipimajoto, saa na sentensi tatu za ukweli. Ya kwanza itaje thamani ya joto iliyotumika, ya juu au ya chini, pamoja na unyevu wa peleti. Ya pili iseme mkaa uliobaki ulikuwa gramu ngapi, na ufanisi ni kiasi gani kwa kuuhesabu na bila kuuhesabu. Ya tatu itoe nguvu iliyofika kwenye sufuria katika kila kiwango cha moto. Kisha jiko lipelekwe nyumbani, peleti zipimwe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, ili ijulikane kaya inatumia kiasi gani kwa mapishi yake yenyewe.

Watoto wetu wa shule ya msingi hufundishwa kwamba sehemu haisomeki bila asili yake. Wakaguzi na wanunuzi wa serikali wanapoletewa asilimia ya ufanisi, waanze kwa kuuliza swali la darasani: imegawanywa kwa nini?