Mshale wa Ziada

Muhula uliopita nilipewa kazi ya kusahihisha mazoezi ya fizikia ya mwaka wa kwanza. Swali la tatu lilikuwa fupi: sarafu imerushwa juu, imeshatoka mkononi na bado inapanda. Onyesha kwa mishale kani zote zinazoikabili.

Ukiacha upinzani wa hewa, jibu ni mshale mmoja tu, unaoelekea chini: uvutano wa dunia. Karatasi baada ya karatasi nilikuta miwili, mmoja chini na mwingine juu, wa juu ukiwa mrefu zaidi. Nikaukata kwa kalamu nyekundu.

Msichana mmoja alinifuata. "Kaka, kama hakuna kinachoisukuma, inapandaje?"

Nikamwambia ndivyo isemavyo sheria ya kwanza ya Newton. Akaitikia kwa kichwa, akakunja karatasi yake, akaondoka. Usiku ule sikutulia, maana nilijua sikumjibu. Kidato cha tatu niliuchora mshale huohuo, nikajibiwa hivyohivyo, nikakariri na kufaulu.

Ndipo nilipoanza kuisaka historia ya ule mshale.

Aristotle, karne ya nne kabla ya Kristo, alishikilia kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa. Na nani hajaona mkokoteni ukisimama punde msukumaji akiuachia? Jiwe lililorushwa ndilo lililomsumbua. Akasema hewa ndiyo inayolisukuma njiani. Karne ya sita, John Philoponus wa Alexandria akamcheka: basi weka jiwe juu ya kijiti, upepee hewa nyuma yake, uone kama litaruka. Yeye aliona kwamba mrushaji hulitia jiwe nguvu, nalo husafiri nayo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaongeza kuwa mahali patupu, pasipo kizuizi, nguvu hiyo isingekwisha. Karne ya 14 jijini Paris, Jean Buridan akaikadiria kwa wingi wa mata ya kitu na kasi yake.

Niliposoma hayo niliona aibu. Mshale niliokuwa nikiukata ulikuwa umechorwa na vichwa vizito kuliko changu.

Aliyeligeuza swali ni Galileo. Katika kitabu chake cha mwaka 1632 anauliza: mpira ukishuka mteremko huongeza kasi, ukipanda hupunguza, je, kwenye uso laini usiopanda wala kushuka? Hauna sababu ya kuongeza wala kupunguza. Utaendelea. Kumbe mwendo hauhitaji kuelezwa. Kinachohitaji kuelezwa ni badiliko lake. Mkokoteni husimama kwa sababu msuguano unauzuia. Mwaka 1687 Newton akaliweka wazo hilo mbele kabisa ya sheria zake, miaka zaidi ya 2,000 baada ya Aristotle. Sisi tunampa mwanafunzi vipindi viwili.

Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, John Clement, alichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa uhandisi swali hilihili la sarafu. Wengi walichora mshale wa juu, hata baada ya kumaliza somo.

Juma lililofuata nilimtafuta yule msichana. Nikatoa sarafu ya shilingi mia, nikairusha.

"Tuseme imeondoka na kasi ya mita 5 kwa sekunde," nikamwambia. "Dunia inainyang'anya karibu mita 10 kwa kila sekunde. Baada ya nusu sekunde?"

"Imeishiwa. Inaanza kurudi."

"Nani aliisukuma ilipokuwa inapanda?"

Akafikiri. "Hakuna. Ilikuwa inatumia kasi iliyopewa na mkono." Kisha akafungua ile karatasi. "Kwa hiyo mshale wangu ulikuwa kasi. Nimeuita kani."

Sikumrudishia alama, na hakuziomba. Lakini siku hizi nikiukuta mshale ule siukati. Naandika pembeni yake: nani anasukuma?